Baruti Isiyomuumiza Reuben

Idella Bechtold alikuwa anajua kabisa kwamba lile kopo halipo. Mwaka wa pili huo halipo. Lakini kila akienda mjini kununua chakula cha kuku, lazima apite kule nyuma kwenye rafu ya baruti, asimame, aangalie pengo lilipokuwa likikaa, kama mtu anayefungua friji mara ya tatu akidhani safari hii chakula kitakuwa kimejileta chenyewe.

"Mama Baruti!" Orlan Tveit alimpigia kelele kutoka kaunta. Duka lilikuwa lake, la mbegu na misumari na nyaya za uzio na risasi, na ulimi pia ulikuwa wake, hauna breki. "Umekuja kuomboleza tena?"

"Nimekuja kununua chakula cha kuku."

"Kuku wako siku hizi wanakula baruti?"

"Orlan, limefika au halijafika?"

"Halijafika. Na nikwambie kitu, dada yangu, acha kujitesa. Halitafika. Kiwandani wameacha kuitengeneza. Wateja wanalia, mimi nalia, wao wala habari hawana."

Idella alishika ukingo wa rafu. Kopo lililobaki nyumbani lilikuwa limefika chini kabisa. Ile ilikuwa baruti ya peke yake, nyepesi, punje zake za duara zenye tundu katikati, utasema donati za siafu. Kidogo tu kinajaza ganda zima la risasi. Ukipitiwa ukatia mara mbili, inamwagika mezani, unajitukana, unafagia, basi. Hakuna anayeumia. Na inaisukuma risasi taratibu, bastola haipigi teke. Sasa watu wa kiwandani wameamka asubuhi moja wakaona hawaitaki tena. Wao walijuaje kwamba kuna bibi mmoja huku Dakota ya Kaskazini anaitegemea hiyo kumweka mumewe hai?

"Ninayo hii ya kopo jekundu, anayoipenda mzee wako," Orlan alisema, akigusa makopo moja moja. "Ninayo ya bluu, ya wastani. Hii nyeupe sikushauri, ina moshi unanuka nywele zilizoungua. Na hii ya kijani, laini, inawaka haraka, kidogo tu kinatosha. Lakini hiyo laini unamtakia nani? Reuben hali kitu ila kopo jekundu. Juzi alisimama hapo hapo ulipo akasema wanaopiga risasi laini wanakaanga bisi."

"Yangu mimi."

"Yako wewe! Tangu lini umeshika bastola?"

"Naanza."

Orlan alimtazama. Mtu yule mdomo wake haujui kufunga, hata msibani unafanya kazi, lakini siku ile ulifunga. Alitia kopo la bluu, lile jeupe na la kijani ndani ya mfuko wa karatasi, akambebea chakula cha kuku mpaka garini, na hakutoa mzaha hata mmoja. Idella alipoona hivyo akajua kwamba Orlan ameanza kushuku.

Nyumbani kwa Bechtold, Reuben anapiga risasi na Idella anazitengeneza. Ndivyo ilivyokuwa tangu ujana wao. Reuben alikuwa dereva wa greda la kaunti, mtu wa mikono mikubwa na subira ndogo, na majira ya baridi ya kwanza ya ndoa yao alikaa kwenye meza ya kutengenezea risasi kwa siku moja, akamwaga baruti, akajikanyagia fataki, vile vidonge vidogo vya chuma vinavyowasha baruti, sakafuni zikalipuka chini ya buti, akaondoka akitukana. Idella alifagia. Halafu akakaa yeye. Alikuwa mpishi wa shule, mtu aliyezoea kupima chumvi ya watoto mia bila kukosea, na kazi ile ilimkaa mkononi kama vile amezaliwa nayo: safisha ganda, tia fataki mpya kitakoni, mimina baruti, panga kichwa cha risasi juu, shusha mkono wa mashine. Hakuwahi kusahau. Hilo watu wote wa huku wanalijua. Wanawake wengine wanasifiwa kwa mablanketi yao ya viraka, wengine kwa uimbaji wao kanisani, yeye kwa risasi zake. Ukisema "hii ni ya Idella" mtu anaipakia bila kuitazama.

Mara moja kwa mwezi wazee wa kaunti wanakutana kwenye bonde lililo nyuma ya shamba la Orlan, wamevaa kofia na viatu vya zama za babu zao, kila mmoja na jina la kujibandika. Wanapiga sahani za chuma kwa bastola za zamani, wanagombana kuhusu sekunde, wanakula. Reuben pale anaitwa Radi Kavu. Orlan ndiye msimamizi, anaitwa Jaji Domo, jina ambalo halikuhitaji kikao. Idella hakuwa mpigaji, alileta keki ya maziwa ya Kijerumani kama mama yake alivyoipika, lakini nao wakambatiza Mama Baruti na likamganda.

Basi, miaka michache nyuma, fahali mmoja wa jirani alimbana Reuben mkono kwenye lango la zizi. Kifundo kilisagika. Daktari wa mji wa Bismarck alitia vyuma na skrubu, kisha akawaita wote wawili akasema bila kuzunguka: bastola kubwa basi. Kifundo hiki kikivunjika tena hakuna cha kuungwa, tutazungumza habari ya kuukata mkono.

Reuben alirudi nyumbani akakaa kwenye kiti cha dirishani. Hakugombana wala hakulalamika, na Idella alitamani sana alalamike. Alikaa tu akitazama ghala la nafaka la ng'ambo ya barabara. Aliacha kunyoa ndevu. Akaacha kuuliza chakula ni nini. Ukimletea supu ya vitonge vya unga, ambayo alikuwa akiipigania na wanawe, anakunywa vijiko viwili anaisukuma. Na kiti kile, jamani, kilikuwa cha baba yake. Mzee Bechtold naye alikikalia vile vile mavuno yalipoisha, hana ugonjwa wenye jina, na theluji ilipoyeyuka wakamzika. Idella ndiye aliyemwosha mzee yule. Alijua kiti kile kinavyoanza na kinavyomaliza.

Ndiyo maana alidanganya. Majira ya kuchipua alimwambia Reuben kwamba amepiga simu Bismarck, na daktari amesema anaweza kujaribu polepole. Kisha akaingia chumba cha mashine, akafungua kopo la donati za siafu, akatengeneza risasi laini kuliko zote alizowahi kutengeneza.

"Ni zile zile?" Reuben aliuliza, akiitikisa moja sikioni. Masikio yake yalishakufa kwa mishindo, lakini mazoea hayafi.

"Zile zile."

Alipiga. Sahani ikalia. Bastola ikatikisika kidogo tu mkononi, na Reuben akaitazama, akautazama mkono, na Idella aliona kabisa wazo lilivyomwingia usoni: hakudhani kwamba risasi ni dhaifu, alidhani mkono wake umepona, tena umekuwa na nguvu kuliko zamani. "Chuma!" alisema, akiupigapiga ule mkono. "Wamenitia chuma, Della! Mimi sasa trekta!" Jumapili ile alinyoa ndevu.

Na kiangazi kilichofuata, Mungu naye ana mambo yake, akashinda. Alishinda bizimu la mkanda, la fedha, kubwa kama kisahani cha chai. Tangu siku hiyo hajalivua. Analivaa kanisani, analivaa kwa daktari wa meno, analivaa juu ya suruali ya kulishia ng'ombe. Vijana wa klabu wanaopiga risasi laini ili waende kasi anawazodoa bila huruma. "Bisi! Nasikia harufu ya bisi! Nani ameleta chumvi?" Nao wanacheka, na Idella pembeni anakata keki, kichwa chini.

Sasa kopo linaisha.

Alijaribu zile baruti tatu mwezi wa Septemba, nyuma ya banda, saa ambazo Reuben alikwenda kupiga soga na wakulima kwenye ghala la ushirika. Alizipiga mwenyewe, kwa mikono yake yenye baridi yabisi, ili apime teke linavyofika. Ya bluu ilimuuma mpaka kwenye kiwiko, hapana. Ile nyeupe ilinuka kweli kama alivyosema Orlan, na pua ya Reuben ndiyo kitu pekee kichwani mwake ambacho bado kilikuwa kizima, hapana. Ile ya kijani ilikuwa tamu. Bastola ilisukuma tu, kama ndama anayekuomba upishe. Harufu sawa. Mlio wa kutosha. Ubaya wake ni mmoja: ilikuwa nzito na kidogo, ilikaa chini ya ganda lile refu kama sukari iliyobaki kikombeni. Ukitia mara mbili huoni, na risasi ya namna hiyo hupasua bastola mkononi. Haya, si neno, alisema Idella, nitamulika kila ganda kwa tochi, mara mbili, mara tatu. Alishaishi kwa uangalifu maisha yote, ataishi tena.

Aliegemeza bastola juu ya mfuko wa mchanga kwenye gogo la uzio, jua la Septemba likimpiga mgongoni, akapiga moja moja kwa utulivu. Sahani ikalia kila mara. Alifurahi, maskini. Aliimba akirudi ndani.

Na kitu ambacho kila mzee wa huku angemkumbusha hakukijaribu, labda kwa kuwa miaka yote hakuwa mpigaji. Bondeni bastola haianzi juu ya mfuko wa mchanga. Inaanza kwenye ala kiunoni, mdomo ukiangalia chini. Baruti ikiwa kidogo ndani ya ganda kubwa inateremka yote mbele, mbali na fataki, na ukiinua bastola haraka inabaki huko huko mbele. Kukiwa na joto inashika moto tu. Kukiwa na baridi, ni bahati nasibu.

Shindano la kwanza baada ya kopo la zamani kuisha lilikuwa Novemba. Upepo ulikuwa wa kukata masikio. Reuben alisimama mstarini na koti lake refu, akaligeuza pembeni makusudi ili bizimu lionekane. Orlan alishika saa ya kupimia sekunde nyuma ya bega lake.

"Radi Kavu, upo tayari?"

"Nilizaliwa tayari."

"Basi pole kwa mama yako."

Watu walicheka. Saa ikalia. Reuben alichomoa, akapiga, sahani ikalia, akapiga tena ikalia, na tena. Kisha ikatoka sauti kama mtu amekohoa ndani ya blanketi.

Reuben, na masikio yale, hakusikia tofauti. Alishavuta nyundo ya bastola nyuma kwa ajili ya risasi inayofuata, na Idella aliona yote kwa mara moja: risasi imekwama mtutuni, nyingine inakuja nyuma yake, chuma kinapasuka, na mkono ule ule.

"Acha! Acha! Acha!" Orlan aliruka, akaidaka bastola, akatia kidole gumba chake chini ya nyundo.

"Niachie, wee Tveit! Saa inakwenda!"

"Saa iende ikafie mbele. Umekwamisha risasi mtutuni, mzee."

Waliipeleka bastola mezani, watu wakajaa. Mmoja wa wale vijana wa bisi, aliyezodolewa kiangazi kizima, hakuweza kujizuia, na nani angemlaumu.

"Radi Kavu! Leo umepata mafua?"

"Harufu ya nini hii?" mwingine akadakia. "Jamani, nasikia kama bisi!"

Bonde zima lilicheka. Reuben alicheka pia, lakini masikio yalikuwa mekundu. Orlan alipitisha fimbo ya shaba mtutuni, akagonga kwa nyundo ndogo, risasi ikaanguka kiganjani mwake. Na pamoja nayo zikaanguka punje. Punje za baruti nusu zimeungua nusu mbichi, zimegandamana, zina ule unjano ambao Orlan aliujua, kwa kuwa ni yeye aliyeiuza. Alizitazama. Akainua macho akamtazama Idella. Akafumba ngumi.

"Della," Reuben aliita. Hakuwa amekasirika bado. Aliuliza kama mtu anayeuliza funguo ziko wapi. "Umetia nini humu?"

Idella aliliona bizimu. Akawaona vijana wanavyosubiri, midomo iko tayari. Angesema nini? Nimekutilia baruti laini, mpenzi wangu, leo na mwaka jana na siku ile uliposhinda? Hapa, mbele yao? Alikiona kiti cha dirishani, kitupu, kinangoja.

"Sikutia kitu," alisema. "Nilisahau kutia baruti. Ni fataki tu imeisukuma."

Mama Baruti amesahau baruti! Kijana wa bisi aliangalia viatu vyake. Mwanamke mmoja akamshika Idella bega kwa vidole viwili, vile wanavyoshikwa wagonjwa, na Idella akajua kwamba jina lake, lile moja alilokuwa nalo, limekufa hapo hapo kwenye majani. Orlan alipeleka ngumi nyuma ya mgongo, akafungua, punje zikapeperuka na upepo.

"Hutokea," alisema Orlan.

Idella alidhani Reuben atagomba garini. Alijiandaa kugombwa, angeweza kustahimili. Lakini Reuben aliendesha polepole, na walipofika njia panda alisimamisha gari bila sababu, akaweka mkono wake wa vyuma juu ya goti la mkewe.

"Tumezeeka, mama," alisema. "Si kosa lako."

Akaanza kuwa mpole. Huo ndio ukawa msiba wenyewe. Yule Reuben ambaye hakuwahi kuosha sufuria aliosha sufuria. Alimfuata Idella jikoni akahakikisha jiko limezimwa. Alipiga simu kwa binti yao anayeishi Bismarck, akashusha sauti, na kiziwi akishusha sauti jirani anasikia: "Mama yako ameanza kusahau. Usimwambie nimekwambia." Alikiacha kiti cha dirishani kabisa. Asubuhi anaamka kabla yake, amenyoa, amevaa bizimu, ana kazi ya kufanya duniani: kumtunza mkewe. Miaka mingi Idella hakuwa amemwona mchangamfu vile.

Siku moja mchana, supu ikiwa mezani, Reuben alisema, "Na risasi usijisumbue tena. Nitatengeneza mwenyewe. Nimeshanunua kopo jekundu."

Kijiko kilimponyoka Idella. Kopo jekundu, baruti ile kali, kwenye kifundo kile! Alishika mkono wa mumewe kwa mikono yake yote miwili.

"Reuben, nisikilize. Nilidanganya. Baruti niliitia."

"Sawa, mama."

"Usiniambie sawa! Niliitia! Ilikuwa laini, ya kopo la kijani, ilishindwa kwa baridi. Na kabla ya hapo zote zilikuwa laini. Zote, tangu uumie. Daktari hakusema ujaribu. Sikumpigia simu hata siku moja. Alisema bastola basi, ulimsikia mwenyewe. Ukipiga za kopo jekundu mkono utavunjika, wataukata!"

Reuben alimtazama. Macho yalimjaa machozi. Idella akadhani, haya, ameelewa, sasa bizimu limekwenda na yeye atakwenda nalo, lakini angalau mkono umepona.

"Della wangu," alisema. "Bondeni ulisema hukutia kitu. Watu wote walisikia. Sasa umetia. Unaona inavyokuchanganya?"

"Siyo kwamba nimechanganyikiwa!"

"Na bizimu hili nilishinda kwa bisi?" Alitabasamu, akampapasa shavu. "Mimi? Kula supu yako, mama, inapoa."

Idella alimpigia simu Orlan, akilia.

"Nilishamwambia, Idella," alisema Orlan. "Alipokuja kununua jekundu. Nilimwambia nimeziona punje kwa macho yangu, na nani aliyenunua kwangu zile baruti laini. Unajua alinijibu nini? Alinishika mkono akasema asante, Tveit, kwa kujaribu kumfichia mke wangu aibu yake. Akaniambia mimi ni rafiki wa kweli. Nilikataa kumuuzia, akaenda kununua mji wa pili."

"Nifanye nini?"

"Sijui, dada yangu. Ningejua ningekwambia."

Mara ya kwanza Reuben alipokaa kwenye mashine, Idella aliomba amshikie taa tu. Reuben akakubali, kwa huruma. Maganda yalisimama kwenye ubao wenye vishimo, safu kwa safu, na juu yake kile kipimo cha baruti chenye mpini. Ukipandisha na kushusha mpini kinasema tak, na kiasi kimoja kinaingia kwenye ganda. Reuben alitia ganda moja, akaangalia nje gari lililopita, akatia ganda lile lile tena. Hakuona. Baruti ya kopo jekundu nayo nzito, inakaa chini, hata mbili hazijai.

"Hilo umeshalitia."

"Sijalitia."

"Umelitia, Reuben, nimeona!"

"Mama," alisema taratibu kabisa, kama anavyosema na mtoto, "leo asubuhi umetia chumvi kwenye kahawa yangu."

Ilikuwa kweli. Mtu asiyelala anatia chumvi kwenye kahawa. Idella akafanya kitu pekee alichoweza: aliupiga ubao kwa kiwiko. Maganda yakaanguka, baruti ikatapakaa sakafuni.

"Pole, mikono yangu," alisema.

Reuben hakukasirika. Aliokota maganda yote, akiguna kila akiinama. Wakaanza upya, na Idella akaupiga tena. Mara ya tatu Reuben alisimama, akamshika mabega kwa upole, akamtoa nje ya mlango, akambusu kwenye nywele.

"Kapumzike. Kesho kutwa bondeni hakuna upepo, nitawapelekea watu radi ya kweli. Wewe utakaa karibu yangu, utaona."

Akafunga mlango kwa ufunguo. Risasi zilizokwisha kutengenezwa alikuwa akizitia kwenye sanduku lenye kufuli, na ufunguo wake ulining'inia kwenye mkanda, nyuma ya bizimu, Idella asije akazichezea kwa kusahau kwake.

Idella hakwenda kupumzika. Alivuta kiti cha jikoni, akakaa kwenye ukumbi, sikio kwenye mbao za mlango. Kazi ile aliijua kwa sauti. Tak ya kipimo, ubao unasogezwa, unakwaruza meza. Tak, mkwaruzo. Tak, mkwaruzo. Ndani Reuben alikuwa akipiga mluzi, wimbo wa kanisani, bila kufuata tuni.

Tak.

Mluzi ulinyamaza. Labda gari lilipita, labda anafikiri. Idella alingoja ubao ukwaruze. Aliusikia upepo, aliisikia friji, na ubao haukukwaruza, au ulikwaruza kidogo wakati friji ilipotikisika, hakuwa na hakika.

Tak.

"Reuben?" aliita. "Reuben, hilo ni lingine?"

"Della!" sauti ilitoka ndani, changamfu, ya mtu aliyenyoa asubuhi. "Kahawa iko tayari?"

"Iko tayari," alisema Idella.

"Safari hii weka sukari!"

Akacheka peke yake mle ndani, na mkono wa mashine ukaanza kushuka.